Kufuli, Si Komeo

Wewe uliyeokota daftari hili: tafadhali ishia hapa. Nakuomba. Kama macho yameshateleza, basi unayoyasoma yafie kwako. Usimwambie mtu wa chuo, na hasa usimwambie mkuu. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini Juni. Mdomo mmoja tu unatosha kunirudisha kwa baba, kijijini Kemambo, nikapalilie mihogo na diploma yangu. Lifunge. Liache ulipolikuta. Mungu akubariki.

Jumatatu, 12 Mei 2025

Kikao cha wadau kimepita. Mimi, karani, ndiye niliyeandika muhtasari! Kwa woga nikaandika mwaka 2024, nikaukata kwa rula ili usionekane umekatwa na mtu mwoga.

Makao makuu kule Dodoma wanataka viwango vya ufundi wa mitambo vitoke kwa watu wanaoshika mitambo, si kwa walimu peke yao. Wameitwa watatu. Madam Dorka Adero, msimamizi wa mafundi mgodini. Mzee Okal, fundi wa mashine za kusaga, Nyarero. Bwana Simioni wa Mbalibali, anayetunza jenereta na pampu za kambi za watalii. Mwenyekiti ni mkuu wetu wa chuo, Bwana Machage.

Walianza taratibu, kama watu walioalikwa harusi wasiyoijua. Ikafika kipengele cha kumi na nne. Rasimu ilisema: mhitimu aeleze namna ya kuzima mtambo kabla ya kuutengeneza. Madam Dorka akavua miwani. Aeleze? Aeleze kwa nani? Mzee Okal akasema hata redio inaeleza.

Basi Madam akaamuru (ndiyo, aliamuru) iandikwe hivi: azime, afunge swichi kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo autie mfukoni, ajaribu kuwasha aone haiwaki, ndipo aguse. "Kila mtu na kufuli lake. Kwangu mgodini asiye na kufuli hapiti geti."

Mzee Okal: "Na nani anawakagua, Madam?"

Wacha kicheko! Mtaani neno hilo wamelifanya la nguo ya ndani, kila mtu anajua. Simioni alimwaga chai. Akauliza kama mgodi unatoa makufuli au kila mtu anatoka nalo kwake. Hata mkuu alicheka. Madam Dorka peke yake hakucheka. Akangoja wamalize, kisha akarudia: kufuli. Mimi niliinamia karatasi, masikio yanawaka moto.

Kabla ya kuondoka wakasaini ukurasa wa mwisho. Ndivyo tunavyofanya hapa siku zote: saini kwanza, kurasa za mbele zitachapwa baadaye. Simioni alikuwa anawahi gari.

Jumanne, 13 Mei

Nimechapa mpaka mgongo unauma. Kipengele cha kumi na nne kimenisumbua. Kila nikiandika kufuli naisikia sauti ya mzee Okal. Hii karatasi inakwenda Dodoma! Itasomwa na madaktari wa elimu. Itasomwa darasani na wasichana.

Nimepata neno la heshima: komeo. "Afunge swichi kwa komeo." Na ule ufunguo mfukoni nimeuondoa, maana komeo halina ufunguo. Sentensi imekuwa fupi na safi. Mwalimu wangu wa Kiswahili angenipa vema.

Jumatano, 14 Mei

Mkuu ameipitia rasimu. Alipofika kipengele cha kumi na nne alikisoma mara mbili, akatabasamu. "Vizuri sana, binti." Hajawahi kuniambia hivyo! Imekwenda Dodoma mchana huo huo. Nakala zake amezitoa ziwe mwongozo kwa wanafunzi wanaokwenda fild, mafunzo ya kazini, wiki ijayo.

Leo naamini mkataba utaongezwa.

Jumatatu, 19 Mei

Wanafunzi wameondoka, kila mmoja na mwongozo ndani ya faili la plastiki. Boke amepangiwa kwa mzee Okal. Ndiye msichana pekee wa darasa lake, anatembea kama ana haraka ya kumpiga mtu. Ameniaga kwa kunigonga bega.

Jumatano, 21 Mei

Simu ya mzee Okal, saa sita mchana. Nikasema shikamoo. Hakuitikia.

"Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo chake, "komeo ni nini?"

Nikaanza kueleza. Akanikata. Makomeo anayajua, ana mawili chooni. Anauliza ni nani aliyesema komeo kwenye kile kikao, maana yeye alikuwepo.

Halafu ndipo akasema: Boke yuko hai, mkono upo. Kilichokwenda ni mkono wa ovaroli.

Nilikodi pikipiki, nikaenda. Sikuomba ruhusa. Mimi!

Ilikuwa hivi. Mzee Okal alikwenda Sirari kutafuta beringi. Mkanda wa mashine ukatoka. Boke akazima, akasukuma komeo la kasha la swichi kama mwongozo unavyosema, akaingia nyuma ya mashine kurudisha mkanda. Huku mbele foleni ya kina mama na madebe ya mahindi, wanapiga kelele. Msagaji wa mzee Okal akarudi kutoka kunywa chai. Akakuta mashine imezimwa, watu wanamlaumu, hamwoni mtu. Akavuta komeo kwa kidole kimoja. Akawasha.

Mkanda ulimdaka Boke kwenye kiwiko. Mkono wa ovaroli ulichanika mpaka begani, ukatoka mzima, kwa sababu fundi aliyeishona alishona ovyo. Uzi mbovu ndio uliomwokoa. Ana alama nyekundu, pana kama utepe, kuanzia kiganjani mpaka juu.

"Nilifanya kama karatasi ilivyosema, dada. Niliona kufuli linaning'inia pale kwenye msumari, nikadhani la stoo."

Hakulia. Aliuliza tu kama ovaroli nyingine atapewa. Mimi nilikwenda nyuma ya magunia.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeingia kwa mkuu saa mbili kamili, nimekariri maneno yote njiani. Shikamoo mkuu. Mkuu, neno komeo ni kosa langu, wadau walisema kufuli.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Kosa gani, binti? Umetuokoa bila kujua." Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. Komeo tunalo kwenye karakana. Ikiandikwa kufuli na ufunguo na kujaribu kuwasha, mkaguzi atakuja kuuliza mtambo unaowaka uko wapi. Wetu umekufa tangu mwaka juzi. Kozi itafungwa. Wanafunzi arobaini watarudi kuchunga. "Unataka hivyo? Na Boke akiwemo?"

Hilo nalikiri. Hasemi uongo kuhusu hao arobaini.

Kisha akasema niandike taarifa ya tukio: mwanafunzi hakuwa makini. Tena niiandike leo.

Nikasema ndiyo mkuu. Midomo ilisema yenyewe.

Ijumaa, 23 Mei

Taarifa sijaiandika. Nimeandika kichwa cha habari tu.

Nimempigia Madam Dorka wakati wa mapumziko yake. Nilimwambia yote, hadi sababu: niliona aibu.

"Kwa hiyo walicheka, ukaogopa kicheko."

Ndiyo Madam.

"Mimi niliwahi kumwandikia mama mmoja barua ya rambirambi kwa sababu mtoto wake alifunga swichi na mtu mwingine akaifungua. Hiyo barua niliirudia mara sita. Wewe una neno moja tu la kurudia."

Nikamwuliza kuhusu wale arobaini. Akasema mkuu wenu hajawahi kumwuliza mtu kuhusu mtambo. Mgodini wana mota nzima waliyoiweka pembeni, inawaka. Simioni ana pampu. Chuo kiombe kwa barua, kama watu wazima. Ndiyo maana waliitwa kwenye kikao, au waliitwa kunywa chai?

Nimeandika sahihisho. Mistari sita. "Neno komeo katika kipengele cha 14 nililiweka mimi, kwa aibu yangu. Hakuna mdau aliyelitamka. Maneno yao ni haya hapa chini." Nikaandika kama Madam alivyosema, neno kwa neno, ufunguo mfukoni na yote. Chini nikaweka maelezo ya Boke, yaani alivyofanya, bila sifa wala lawama.

Nimelituma kwa afisa wa mitaala, Dodoma, nakala kwa mkuu. Nakala kwa mkuu! Kidole kikabonyeza. Nimeangalia mkono wangu. Sijui ni wa nani.

Jumapili, 25 Mei

Kemambo. Baada ya ibada nikamsimulia baba. Ni mzee wa kanisa, na nililelewa nisitamke neno lenye harufu. Nikazunguka, nikazunguka, mpaka akauliza hilo neno lenyewe ni lipi.

"Kufuli," nikanong'ona.

"Kufuli! Ndilo hilo tu?" Akanishika mkono mpaka zizini. Akanionyesha mnyororo na kufuli lililo kubwa kuliko ngumi yake. "Mimi hapa nifunge kwa komeo? Komeo hata ng'ombe anafungua kwa ulimi. Na wale wezi wanaokuja kuwachukua hawana haja ya ulimi." Akacheka mpaka mama akachungulia kutoka jikoni.

Nimecheka na mimi. Wiki mbili nimebeba neno ambalo baba analitumia kila jioni bila kuona haya.

Mama ameuliza nitakula nini wakinifukuza. Baba akasema kuna mihogo. Nimeona kwamba sentensi hiyo hainitishi tena kama zamani. Inatisha kidogo tu.

Jumatatu, 26 Mei

Saa moja na nusu. Ofisini, peke yangu.

Mambo mawili yamegongana.

La kwanza: afisa wa mitaala amejibu jana jioni, nikawapigia wadau usiku ule ule. Sahihisho amelipokea. Lakini saini za zamani haziwezi kubeba maneno mapya. Wadau wote watatu wasaini ukurasa wenyewe wenye kipengele cha kumi na nne, wakishausoma, na upigwe picha utumwe leo kabla ya saa nane, maana kamati inakaa kesho. Atanipigia mwenyewe kuhakiki. Ana maswali pia kuhusu ile mota ya mgodini. Nilikuwa nimeitaja kwa mstari mmoja tu! Maana yake anaona njia kwa wale arobaini.

La pili: nimekuta bahasha mezani. Ninatakiwa saa nne kamili mbele ya mkuu na mwenyekiti wa bodi, nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua.

Saa nne. Na saa nne ndiyo saa pekee ambayo wadau wote watatu wanapatikana. Madam Dorka anatoka zamu ya usiku, atapitia Nyarero. Simioni ameshapanda gari tangu alfajiri. Mzee Okal hawezi kuacha mashine, kwa hiyo kikao ni kwake, kwenye unga. Amesema: "Njoo na hiyo paper, nyathina, na safari hii tunasoma kwanza. Nimebeba miwani."

Nimewaza kwa dakika kumi nzima kwa saa ya ukutani. Kisha nikamwandikia mkuu barua ya heshima kwamba nitafika mbele yake saa tisa alasiri, leo hii hii, na nitajibu kila swali. Nimeiacha juu ya meza yake. Sikuandika samahani. Niliiandika, nikaifuta.

Na karatasi hii nimeibandika mlangoni pangu. Nainakili hapa, kwa sababu karatasi za mlangoni huku huwa zinatoka:

KARANI HAYUPO. Yuko kazini Nyarero. Anayemhitaji, awe afisa wa mitaala, mkuu, bodi au yeyote: shuka senta, fuata njia ya kushoto baada ya kanisa. Usiulize mashine ya kusaga, zipo tatu. Uliza mashine ya mzee Okal, ile isiyo na bati la bluu. Pita upande wa foleni, usipite nyuma. Anayepiga simu atumie namba yangu ya pili. Ile ya kwanza pale inashikwa na mnara wa Kenya. Kati ya saa nne na saa tano watu watatu watakuwa wanasoma kwa sauti, na huenda nisisikie. Piga tena. Ikikatika, tuma ujumbe, andika jina lako. Jina langu ni Nice, nami nitajibu kwa jina hilo.

Pikipiki imefika nje, anapiga honi. Na kwenye korido nasikia viatu vya mkuu. Amewahi leo. Ukurasa ninao mkononi. Anaita, "Nice?" Nakwenda kumfungulia, nimwamkie, kisha napanda pikipiki.