Rudisha Mchanga Wangu!

Marahaba, mke wangu Somoe. Bibi yako mzima, na bado anakuonea wivu.

Unauliza kama kuvutwa mgongo kwa mashine kunaua. Mbona mimi nilivutwa! Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi wa korosho wakamiminika Newala, nilibeba gunia kwa mbwembwe, pingili ya mgongo ikateleza, mguu ukafa ganzi. Nikawaza, shamba langu la kule Mnyambe nitalilimaje? Hospitalini wakanifunga mkanda kiunoni, na mfuko wa mchanga ukaning'inia mwisho wa kitanda kwa kamba iliyouvuta mkanda huo. Niliwalaani!

Akaja Saidi, mtani wangu Myao. "Nyie Wamakonde siku hizi mnarefushwa?" Na kwa kuwa mtani huchukua atakacho, akaufungua mfuko aondoke nao. Lo! Maumivu yakanirudia kama siafu.

"Rudisha mchanga wangu, mwizi wee!"

Wodi nzima ikacheka. Kumbe nilikuwa nimeshaanza kupona, sikujua! Mvua zilipoanza, nililima Mnyambe, Saidi akinizomea.

Daktari akikupima akaridhia, lala uvutwe. Ukiumia piga kelele, ukiona raha piga zaidi.

Ni mimi babu yako, mwenye mgongo ulionyooka kuliko tabia.