Seneta wa Jiwe la Sabuni

Dada Moraa,

Hamjambo huko Nakuru? Hapa Tabaka mvua hainyamazi, na kwenye karakana ya mjomba vumbi la jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchongea vinyago, limenijaa mpaka kwenye ugali.

Juzi Mmarekani alimwomba mjomba amchongee babu wa babu yake, seneta wa karne iliyopita. Picha hana, akamsimulia tu: alihutubia vizuri, akahamahama vyama, akaufukuzia urais mpaka akafa bila kuupata.

"Huyo namjua," mjomba akasema, akachonga uso wa mbunge wetu, mashavu na yote.

Leo mgeni amekiona kinyago, machozi yakamtoka: "Ndiye kabisa."

Tumemfunga seneta wa jiwe kwa majani makavu ya migomba, aende Amerika. Tungempeleka mbunge mwenyewe, ila haenei kwenye boksi.

Nibusie watoto.

Nduguyo, Ombati