Nyusi Nne za Mamzeli

Mwanangu Amani,

Barua hii sikuifunga kwenye bahasha. Moja nimempa Maman yako aitume kwako Kigali, nakala yake nimeibandika kwenye mlango wa garaji hapa Kamembe, usawa wa macho, kila mteja aione. Nilikufukuza mbele ya watu, basi na msamaha nitauomba mbele ya watu. Ninachotaka nakisema sasa hivi, maana unanijua, nikizunguka sana ninapotea njia: nakuomba unisamehe, na nakuomba urudi nyumbani, hata kwa siku moja, hata kama ni kuja kunifokea.

Miaka minne, Amani! Sauti yako naisikia kupitia ukuta tu, unapoongea na Maman kwa simu, naye anajifanya anaongea na dada yake. Dada gani huyo anayeulizwa kila siku kama amekula?

Nianze na Mamzeli. Bado yupo, kigari chetu cha milango miwili, kizee kuliko wewe. Bado anakaa langoni kama kibao cha kazi yangu. Unakumbuka ulivyokuwa ukimsugua kwa msasa ukiwa umekaa juu ya boneti, miguu haifiki chini, vumbi limekujaa puani? Nilikufundisha kugonga bodi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. "Bati nzima inalia," nilikuambia, "mastiki inanyamaza." Mastiki, kwa wanaosoma hapa mlangoni, ni ule uji mzito tunaozibia mashimo ya bodi, ukikauka unapakwa rangi, na muntu hajui kitu. Wewe ukaanza kugonga kila kitu: sufuria za Maman, benchi za kanisa, mpaka kichwa changu nikiwa nimelala mchana. Ukamwambia Maman kichwa cha Papa kinanyamaza. Nilijifanya nimekasirika, kumbe nilikuwa nacheka ndani ya shuka.

Na zile safari za Gashonga kwa bibi yako! Tunarudi na ndizi mpaka kwenye mapaja, mkungu mmoja unanichoma shingo, Mamzeli anaburuta mkia. Pale Nyakarenzo tope likatushika, ukashuka kusukuma. Tairi likakurushia tope moja kwa moja mdomoni, kwa sababu ulikuwa unaimba. Ukatema, ukaendelea na wimbo. Siku ile nilikupenda mpaka nikakosa la kusema. Sisi tuliolelewa na baba zetu hatukufundishwa maneno hayo, tunayasema kwa soda. Nilikununulia mbili.

Ulipokua ukaja na habari ya matairi mapana. Ulitaka Mamzeli avalishwe matairi yanayotokeza nje ya bodi, na juu ya kila tairi ukate ukingo wa zamani, uweke ukingo mpya wa bati uliotuna nje ili ulifunike. Uliziita nyusi. "Papa, Mamzeli hana nyusi, ndiyo maana banamuona muzee," ulisema. Nikasema wapi! Bodi nzima haikatwi. Bodi niliyoinyoosha kwa mikono yangu haiguswi na mtu nikiwa hai. Niliapa kabisa, mkono juu.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi. Ulisema tumbo linakuuma. Mimi nikaenda na majirani kuzibua mifereji, tukarudi kundi zima, majembe begani, nikasikia mashine ya kukata chuma inalia garajini kwangu. Tulikukuta umeshakata ukingo wa tairi la nyuma, upande wa kushoto. Kile kipande ulikuwa umekikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ukasema, "Papa, njoo kwanza kando, nikuambie kitu."

Mimi kando sikutaka. Nilitaka pale pale, bantu wasikie. Nilikuita mharibifu. Nilisema sikuzaa fundi, nimezaa panya wa kutafuna bodi. "Toka mu macho yangu!" nilikuambia, na mate yakanitoka. Ukatoka. Ulipita katikati ya majirani, kipande bado kifuani, upande wa rangi umeangalia nje. Nikasema moyoni, tazameni kiburi cha mtoto huyu, anakibeba kama kombe alilolishinda. Jioni ulikuwa huna hata soksi nyumbani.

Wazee wanasema mtoto akikunyea kiganja hukikati. Mimi nilikata, Amani, na wala hukuwa umeninyea.

Hilo nimelijua juzijuzi tu. Walikuja wageni, nikaanza wimbo wangu wa siku zote wa mtoto asiye na adabu. Maman alingoja mpaka wakaondoka. Wakati wa kula akaniwekea mezani, pale sahani inapokaa, kitu kimefungwa ndani ya shati lako la zamani.

"Kula," akasema. "Ni chakula yako hii."

Nikafungua. Kilikuwa kile kipande. Nje, rangi ya Mamzeli inang'aa vizuri. Nikakigeuza. Ndani, mastiki nene kama kidole gumba, na bati lenyewe limeliwa na kutu mpaka linamwagika juu ya kitambaa cha meza. Mastiki ile ni mkono wangu, naijua kama ninavyoijua saini yangu. Niliipaka kabla hujaanza shule, mwaka wa shida, nikajiambia nitakuja kuirudia vizuri. Sikuirudia. Nikapaka rangi, nikamweka Mamzeli langoni, nikawa naapa mbele ya wateja kwamba bodi hii haina kovu. Nimeapa mara nyingi mpaka mwenyewe nikaamini.

"Alijua?" nikamuuliza Maman.

"Aligonga, akasikia. Alinipa kipande, akaniambia nifiche. Alisema, Papa atapata haya mbele ya bantu."

Lo! Kumbe ndiyo maana ulikikumbatia. Uliielekeza rangi nje ili majirani wasione kutu ya baba yako. Ungekigeuza tu, mara moja, bila kufungua mdomo, mimi ningekwisha pale pale, na wewe ungelala kitandani kwako. Ukachagua kufukuzwa. Nililia mezani, mwanangu, sikujificha. Maman yako akaniacha nilie, akaniambia nisiharakishe.

Umuganda ya mwezi uliopita nilikwenda na kipande chini ya kwapa. Kazi ilipokwisha na watu wakakaa kwa mkutano, ikaulizwa nani ana neno. Nikasimama, nikakigeuza mbele ya wote. Nikasema hii kazi ni yangu, si ya Amani, na Amani aliitunza siri yangu nami nikamlipa matusi. Wengine walicheka. Mzee mmoja aliinamisha kichwa kama aliyevuliwa nguo yeye. Kesho yake mteja wangu wa siku nyingi alikuja akaligonga gari lake lote kwa kifundo cha kidole, mlango kwa mlango, sikio limebandikwa. Nilisimama nikamwacha agonge.

Kisha nikashika kazi. Nimekata kutu yote, pande nne, mpaka bati likalia. Nyusi nimezitengeneza kwa bati la pipa la mafuta. Kwanza nilikata sura yake kwa katoni ya sabuni, nikaishika juu ya tairi, nikaipunguza kidogo kidogo, ndipo nikaligonga bati juu ya mfuko wa mchanga likapinda polepole. Nyusi ya kwanza ilitoka kama sikio la mbuzi, nikaitupa. Bodi ya nje na ya ndani nimeziunganisha kwa kuchomelea, maji yasipate pa kuingilia, nikapaka dawa ya kutu hata mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Chini ya nyusi hizi hakuna mastiki hata ya kijiko. Na nakiri, roho inaniuma lakini nakiri: Mamzeli amependeza. Ulikuwa na haki tangu mwanzo. Nikipita upande wa pili wa barabara ninageuka kumtazama kama kijana.

Limebaki jambo moja, nalo limenishinda. Nyusi hazipimwi gari likiwa tupu. Huku kwetu gari tupu liko wapi? Likipanda Mururu limejaa watu na ndizi, springi zinalala, na nyusi iliyopimwa kwa gari tupu inauma tairi. Kwa hiyo ninajaza viti kwanza, ndipo nipige ribiti, vile vipini vya chuma vya kubania bati, maana ribiti ikishapigwa imepigwa. Maman alikaa nyuma, akalalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Pembeni yake nikaweka gunia la mchele wa Bugarama. Mbele, mahali pangu pa abiria, nikapanga magunia mpaka yakafika kilo zangu, Maman akasema bado nimejipunja.

Nikafika kwenye kiti cha dereva, ambacho sasa ni chako. Nikasimama na gunia mikononi, sijui niweke kilo ngapi. Ulipoondoka ulikuwa mwembamba, suruali unaifunga kwa kamba. Maman ana picha zako kwenye simu, anasema umenenepa, mimi naona koti tu. Mwanangu niliyekuwa nikimbeba begani, leo sijui ana uzito gani. Nilikaa chini kando ya tairi, Amani.

Nyusi zote nne nimezishika kwa bolti za muda. Kama bado una hasira nami, na ni haki yako, usiniandikie maneno. Niandikie namba moja tu, kilo zako, nitajua la kufanya. Lakini kama moyo wako unaweza, usiandike chochote. Panda basi, uje ukae mwenyewe.

Nakupenda. Safari hii nimesema bila soda.

Papa yako