Tambi za Kadii na Kazi ya Bandarini

Hoteli ya Kadii,
Nyuma ya soko la mifugo,
Garsen.

16 Juni 2024

Mpendwa kaka Tsuma,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Fondo, mtu mwenye bahati kuliko wote waliozaliwa nyumba yetu. Ile kazi ya bandarini Lamu nimeipata, tena si ya kubeba. Ni ya kusimama na kuwaonyesha wengine kwa kidole. Hapa Garsen nimetua tu kidogo, maana mafuriko yalikata barabara huko mbele, na mtu mkubwa kama mimi haendi kazini suruali imelowa.

U hali gani lakini? Kifua chako na baridi ya Eldoret vimepatana? Na shemeji Winfred, mguu wake unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mbu wa huku wanauma juu ya blanketi. Situlii. Kila basi likipiga honi pale stendi nainuka kitini, hata kama sina safari.

Ujumbe wako niliupata, kwamba mwisho wa mwezi huu unaacha lindo pale kiwanda cha unga, uje Lamu nikuingize kazini. Nimeusoma mara nyingi. Nitakujibu humu humu, usiwe na haraka. Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ukiniuliza kitu, mdomo wangu hujibu kabla mimi sijafika.

Kwanza nikwambie nilichokula. Siku niliyoshuka hapa nilikuwa na matope mpaka magotini na njaa ya simba. Nikaona kibanda cha mabati kimeandikwa kwa chaki TAMBI ZA SUPU. Nikasema hawa wamepotea. Sisi tambi tunazijua: sukari, tui, iliki, unakula unashukuru. Tambi na kuku walikutana wapi? Nikaingia kwa ubishi tu.

Mwenye hoteli ni Kadii, Mgiriama mwenzetu, wazee wake walihamia Kulesa kulima. Yeye alikuwa Doha miaka kadhaa, jikoni mwa hoteli kubwa, akifanya kazi na mama mmoja wa Laos aitwaye Noi. Laos ni nchi iko huko upande wa China na Vietnam. Haina bahari, ina mto mkubwa kama sisi na Tana, na wenyewe ni wali asubuhi, wali jioni. Noi ndiye aliyemfundisha hizo tambi. Kwao zinaitwa kao piak. Kadii aliporudi akaona Tana kuna mchele, kuna muhogo, kuna kuku. Akasema, sasa nimekosa nini?

Anasaga mchele, anachanganya na unga wa muhogo, anamwagia maji yanayochemka, anakanda, anasukuma kama chapati, halafu anakata nyuzi nene kama kamba za viatu. Anazitia mbichi kwenye supu ya kuku, na ule unga wa juu unaifanya supu iwe nzito kama uji mwepesi. Bakuli linakuja na sahani pembeni: dania, vitunguu vya majani, ndimu, pilipili na kitunguu saumu vya kukaanga, na kikopo cha sukari.

Nikala. Kaka, ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele yaliyopashwa moto. Lakini mimi ni mgeni, tena nimelelewa. Nikamaliza bakuli, nikajilamba, nikamwambia tamu sana, hata kule Uchina nilikula kama hii. Akaniuliza Uchina mji gani. Nikamwambia ule mkubwa. Wewe unanijua, mwisho wangu ni Juba, nikiwa utingo wa lori.

Na si mimi peke yangu niliyesifu. Abdulsalam, dalali wa ng'ombe, alishukuru mpaka akaweka mkono kifuani, kisha kwa macho yangu haya nikamwona anaingia hoteli ya pili kula maharagwe. Wengine walisifu, wakaenda zao, hawakurudi tena.

Mimi barabara ilinifungia hapa, basi nikawa nakula kwa Kadii kila siku, na kila siku nasema tamu. Naye anazidi kukonda. Jioni moja, nimeshaletewa bakuli langu, nikamwona amekaa kwenye benchi, sanduku miguuni. Wakala alikuwa amempigia, nafasi Doha ipo. Mamake, mama Kanze, yuko Kulesa peke yake, macho hayaoni vizuri, na Kadii alishamwahidi hatamwacha tena. Akaniuliza bila kuniangalia.

"Fondo, watu wote wanasema tamu. Mbona hawarudi?"

Nikatafuta mzaha. Mimi mzaha hunijia kama jasho, lakini siku hiyo haukuja. Nikamwambia, "Kadii, haina ladha. Ni maji ya kuoshea mchele."

Nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Yeye akaiangalia ile sahani yangu ya pembeni.

"Na hivi? Mbona hujatia?"

"Hivyo si vyako? Nilidhani ni vya mpishi."

Kumbe kwao Laos mpishi anakuletea bakuli halijaisha. Ndimu, pilipili, majani, hata sukari kidogo, unamalizia mwenyewe ulimi wako unavyotaka, na asiyetia kitu huulizwa kama anaumwa. Sisi huku ukiongeza hata chumvi mezani umemtukana aliyepika. Kwa hivyo Garsen nzima ilikuwa inamheshimu Kadii, sahani zinarudi jikoni zilivyotoka. Ile sukari walidhani ni ya chai. Na yeye hakusema neno, maana utamfundisha vipi mtu mzima mwenye ndevu namna ya kula?

Akachukua bakuli langu, akakamua ndimu, akatia kile na hiki, akanisukumia. Kaka, masikio yalizibuka. Sikujua kuku ana mambo hayo.

Alicheka mpaka machozi. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Ungesema siku ya kwanza. Sufuria kubwa nimeshaiuza. Nyinyi mna adabu mbaya, mtu atakufa huku mnamsifu."

Hilo neno limenikalia. Natembea nalo mpaka mtoni, narudi nalo.

Asubuhi yake nikasimama mlangoni, nikamkamata Abdulsalam kwa kanzu yake, nikamkamulia ndimu mimi mwenyewe. Aliomba bakuli la pili. Siku hizi anakuja na wenzake kutoka sokoni, wanabishana nani anajua kutia pilipili. Kuna mzee mmoja wa Kiorma anatia maziwa, tumemwacha. Wakala wa Doha alipiga tena, Kadii hakushika simu. Lile sanduku sasa tunawekea mchele.

Nisalimie shemeji Winfred, mwambie mguu aukande kwa maji ya moto, asinionee haya. Msalimie shangazi Dinah mkiongea, na Isaac, kama bado ananikumbuka kwa ile jaketi yake niliyoondoka nayo. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape usingizi mchana wewe unayekesha usiku, na mlango wenu usikose wa kuufungua kwa heri.

Hapa ndipo ningetia jina nikunje karatasi. Basi la Lamu limepiga honi sasa hivi. Nimeinuka, nimekaa tena. Barabara imekauka zamani, Tsuma, mabasi yanapita kila siku.

Usiache lindo. Kama umeshamwambia bosi wako, rudi kesho asubuhi umwambie umebadili nia. Kazi ya bandarini hakuna. Lamu sijafika hata kuiona. Yule aliyeniahidi alizima simu mimi nikiwa bado njiani, na hapa kazi yangu ni kukanda unga na kuosha mabakuli ya Kadii. Yale niliyokuandikia pale juu ni uongo.

Mdogo wako akupendaye, na hilo sikulitia chumvi,

Fondo