Nimeficha Kichwa cha Delko, Mke Mwenzangu Asikae Mbele

Mpendwa mshauri Waridi, naomba msaada, lakini kwanza nikuambie ukweli: juzi ulimujibu vibaya yule mama wa Mutakura, ati avumilie, ati mume hafungwi kamba. Wewe uligawana mume na nani hata ujue kuvumilia kunauma wapi? Mi ni mutu mzima, nina wajukuu, shule niliiacha mapema, kwa hiyo nijibu maneno ya kueleweka, na jina langu usilitoe.

Mzee wangu ana Peugeot 404 ya rangi ya maziwa, aliinunua mi nikiwa peke yangu kwake, sikia vizuri, peke yangu, na kila mwaka mafundi wa Buyenzi wakitoa magari ya zamani watu wayashangilie, mke wa mwenye gari anakaa mbele na kitenge cha rangi ya gari, na mi ndiye nilikuwa nakaa. Halafu akaoa wa pili, akamuweka Kamenge. Vita vilipoanza, magari yakichomwa na kunyang'anywa, mzee akafungua gari lake vipande vipande, akavigawa kwa nyumba zake mbili, bodi ikabaki uani kama banda la kuku, na hapo ndipo roho iliniuma: mi nikapewa moteri, injini yenyewe, ikalala pembeni ya kitanda changu ikimwaga mafuta, mwenzangu akapewa kiti cha mbele. Kiti! Kamenge ilipowaka akakimbia nacho, akaacha sufuria zake, na leo anavyosimulia utasema ametoka Maka.

Mwaka huu mzee amekusanya vyote, fundi Hamissi anafunga, Jumapili magari yanatoka. Nikashona kitenge. Mzee ananiambia, "Mama, miguu yako inavimba, wewe kaa nyuma upate nafasi. Mbele atakaa mudogo wako, yeye ndiye aliokoa kiti." Nyuma! Kama gunia la mihogo!

Sasa, kulibaki kichwa cha delko, kile kinachogawa moto wa moteri, bila hicho gari haliwaki. Kiko kwangu, ndani ya mukebe wa maziwa chini ya kitanda. Mzee amesahau alikiweka nyumba gani. Aliponiuliza nikasema, "Apana, mi sijakiona. Muulize mwenye kiti." Akaamini mwenzangu alikiangusha akikimbia. Kingine hakipatikani, tangu embargo, majirani walipotufungia mipaka, hakuna kinachoingia. Sasa mzee hali tena kwake, anakula kwangu kila siku, na anasema Jumapili ikipita gari halijawaka, analiuza wakalikate vyuma.

Ningefurahi, lakini jana mwenzangu alikuja kwangu. Analia. "Dada, niombee kwake, mi sikupewa kitu kama hicho." Akakaa juu ya kitanda changu, mukebe uko chini yake. Nilimupa chai. Nikikitoa nitaonekana mwongo na bado nitakaa nyuma. Nifanye nini?

Mke wa kwanza, Buyenzi.

WARIDI ANAJIBU

Mama, uliuliza nimegawana mume na nani. Mimi nilikuwa wa tatu. Tuendelee.

Najua kinachouma. Ulilala na moteri miaka yote, ukinuka mafuta, na hakuna aliyekuambia asante. Mume wako alikosea, na ningekuwa karibu ningemwambia mwenyewe. Lakini wewe umefanya nini? Mtu aliyekukosea ni mzee, na unayemwadhibu ni mwanamke aliyekuja kukuita dada. Ametoka kwenye moto na kiti cha gari la mume wenu kichwani, wewe unamkejeli eti "mwenye kiti". Huoni haya? Na hicho chakula mzee anachokula kwako kila siku, anakula kwa hasira, si kwa mapenzi. Unafurahia nini?

Tena gari likikatwa vyuma, hakuna mbele wala nyuma. Mtabaki wote wawili mnatembea kwa miguu, na hiyo yako inavimba.

Umesema nifiche jina lako. Nimelificha. Lakini Buyenzi ina 404 ngapi za rangi ya maziwa ambazo haziwaki? Gazeti hili litafika kwa Hamissi kabla ya chai, na mafundi wanasoma kwa sauti.

Jambo moja nashangaa hukulikumbuka, wewe uliyekalia kiti hicho kabla ya wote. Kiti cha mbele cha 404 yenu ni kimoja kirefu, gia ziko juu kwenye usukani. Wanakaa watu watatu bila kubanana. Wewe katikati, bega kwa bega na mume wako, kitenge chako kinaonekana. Mwenzako mlangoni, vumbi limpate yeye. Mzee akisema miguu, mwambie miguu ni yako.

Sasa weka gazeti chini. Toa huo mukebe, nenda kwa mwenzako kabla jirani hajamsomea, umpe kichwa cha delko mkononi mwake na useme, "Nilikuwa nacho mimi." Kisha shikeni njia wote wawili mpaka kwa mzee, na kabla mwenzako hajafungua kinywa, wewe useme kwanza. Inuka, mama. Nenda.