Ndimi Kumi na Mbili za Sauti Nzito

Kisangani, tarehe 9 Septemba 2002

Yaya Marceline,

Kama bahati ingekuwa inauzwa sokoni, mimi leo ningekuwa na duka la ghorofa mbili, na wewe ningekupimia bure. Mudogo wako njo muntu mwenye bahati kupita wote waliotoka Kindu mwaka huu. Lakini salamu kwanza, nisije nikaitwa mushenzi. Mgongo wako unakuacha ulale? Mama, miguu yake imepungua kuvimba? Na kale katoto kako Naomie, meno yameota au angali anatafuna vidole vya watu? Mimi afya iko, nimeanza hata kunenepa, watu wa hapa wananiita patron.

Sasa sikia. Nimetembea siku kumi na tisa, Kindu mpaka Punia, Punia mpaka Lubutu, Lubutu mpaka hapa. Begani gunia la mihogo, ndani ya gunia kopo la maziwa ya unga, ndani ya kopo unajua mwenyewe: ndimi kumi na mbili za shaba, sauti nzito zote za kinanda cha chama chetu cha wapiga kinanda, kutoka do mpaka si.

Unakumbuka ile siku? Wapiga kinanda saba wa Kindu, wakatoliki wanne na waprotestanti watatu, tumekaa saa nzima bila kugombana nani anapiga mbio na nani anavuta nyimbo kama mazishi. Papa Okito, président wetu, akasema: "Wenye bunduki wamebeba redio, wamebeba mabati, wamebeba mpaka milango. Kinanda kizima kitaenda. Lakini nani ataiba nusu ya kinanda?" Tukachukua tournevis, tukalegeza skrubu moja-moja, tukakifungua. Wewe ukabeba vibao vya vidole. Papa Okito mivukuto. Roger, ambaye hata kinanda hapigi, anatuimbia besi tu, pedali mbili. Na mimi, mutoto wa mwisho wa chama, nikapewa zile ndimi ndefu kama kidole, zile upepo ukizipitia kanisa linatetemeka. Papa Okito akanikamata mkono: "Ephraïm, wewe njo unabeba tumbo la kinanda."

Yaya, nimepita vizuizi kumi na kimoja. Kumi na kimoja! Hakuna askari aliyegusa kopo. Kwenye cha saba mukubwa wao alinipigia saluti, sijui aliniona nani. Na nilipofika hapa, parokia kubwa ikanichukua palepale. Jumapili ya kwanza nilivyopiga, padri alisahau mahubiri.

Vita ikiisha leo, kesho niko Kindu na kopo langu. Mwambie Papa Okito alale usingizi.

Namutuma huyu mtawa anayepanda ndege na barua hii, mumpe sombe ashibe.

Mudogo wako mwenye bahati,
Ephraïm

*

Kindu, tarehe 3 Agosti 2003

Mudogo wangu Ephraïm,

Barua yako ilifika, na mtawa alishiba. Sisi tuko salama. Mama anatembea mpaka mtoni na kurudi. Naomie ana meno yote na anauma. Wewe je, bado unanenepa, au hiyo ilikuwa ya Septemba tu?

Vita imetulia. Jumamosi moja ya mwezi wa sita chama kilikutana kwa mara ya kwanza, na kila mtu alileta kipande chake. Hakuna hata mmoja aliyepoteza kitu, Ephraïm. Vibao vyangu vilikaa mwaka mzima ndani ya maharagwe. Papa Okito alilalia mivukuto kama mto, ina alama ya kichwa chake mpaka sasa. Mke wa Roger alikuwa anakaushia samaki juu ya pedali. Nikikanyaga, harufu inafika mpaka kiti cha tatu, na mama zetu wanaanza kuulizana wamepika nini nyumbani.

Kinanda kinalia. Ila mkono wangu wa kushoto ukishuka kule chini, kimya. Tundu kumi na mbili tupu, unasikia upepo tu.

Sasa sikia alichofanya Roger. Anavuka mto kutoka Alunguli kila Jumapili asubuhi, anasimama upande wa kushoto wa kinanda, macho kwenye vidole vyangu. Nikigusa kibao kisichokuwa na ulimi, anaimba yeye ile sauti. Jumapili ya kwanza watu walicheka mpaka katekista akakasirika. Jumapili ya pili hawakucheka tena. Sasa wengine wanakuja kwa ajili ya hiyo tu.

Fundi mmoja alitaka kutuchongea ndimi nyingine kwa shaba ya maganda ya risasi. Papa Okito akakataa, akaandika kwenye daftari la chama: hakuna shaba nyingine itakayoingia kwenye tundu zile mpaka Ephraïm arudi na zake. Wote tuliweka sahihi, hata waprotestanti.

Basi usikawie. Roger anasema koo si chuma.

Yaya wako,
Marceline

*

Kisangani, tarehe 14 Desemba 2003

Yaya,

Habari za huko? Mimi malaria ilinishika kidogo, ikakuta muntu mwenye nguvu, ikakimbia yenyewe. Mama umupe salamu mara kumi.

Ningekuwa nimekwisha fika, Mungu ananiona. Lakini hapa wamenishika koti! Mwezi wa kumi nilisema naenda, wazee wa parokia wakaja sita kwa mguu: "Ephraïm, ukituacha, Noeli itakuwaje?" Nikawaonea huruma. Nikasema sawa, baada ya Noeli. Wakasema na Pasaka? Unaniona mimi, moyo wangu laini kama fufu ya asubuhi.

Ndimi ziko muzuri. Mwambie Roger aendelee, mazoezi hayaui muntu.

Mudogo wako,
Ephraïm

*

Kindu, tarehe 20 Mei 2004

Mudogo wangu,

Tuko wazima wote, natumaini na wewe. Pasaka imepita.

Nina swali moja tu leo. Fungua kopo, hesabu ndimi, uniambie ziko ngapi. Hesabu vizuri.

Yaya wako,
Marceline

*

Kisangani, tarehe 11 Juni 2004

Yaya,

Salamu nyingi, afya iko, sina muda, wanangoja mimi kanisani.

Kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili. Kila Jumamosi nazipaka mafuta ya mawese, zinang'aa kuliko pete ya askofu.

Mudogo wako,
Ephraïm

*

Kindu, tarehe 6 Oktoba 2024

Mudogo wangu Ephraïm,

Magoti yako yanaendeleaje? Kwenye simu uliniambia ni baridi tu. Funga kitambaa. Mimi mgongo ni uleule, tumezoeana. Naomie uliyeuliza meno yake ana miaka ishirini na mitatu, anapiga kinanda cha umeme kwenye kanisa jipya, anabonyeza kitufe ngoma zinatoka zenyewe, na ananiambia, "Mama, pedali zako zinanuka samaki." Miaka ishirini na moja, na bado!

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nikitaja kinanda, mtandao wako unakatika. Nikitaja mvua haukatiki. Nikitaja bei ya mchele haukatiki. Basi karatasi haina mtandao.

Chama chetu kinatimiza miaka arobaini. Tuko kumi na tisa sasa. Tangu Papa Okito alale mwaka 2011, mimi ndiye présidente. Tunabadilishana kanisa mtu akiugua, tunafundisha wapya kila Jumamosi, na anayefika amechelewa analeta ndizi za wote. Sikukuu ni tarehe 23 Novemba, siku moja baada ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Waprotestanti wamekubali, wanasema watakula bila kumtaja. Vinanda vya umeme vyote vitazimwa siku hiyo. Kitapigwa cha zamani peke yake.

Shida ni Roger. Ana miaka sabini na sita. Akifungua mdomo kwa sauti ya chini, inatoka pumzi, kama zile tundu. Jumapili iliyopita alifika kwenye fa, akanitazama, akatikisa kichwa. Nikamalizia wimbo bila mkono wa kushoto. Kanuni ya Papa Okito iko palepale kwenye daftari, na wapya wanauliza: huyo Ephraïm ni nani, yupo kweli?

Sasa jambo nililokaa nalo miaka ishirini.

Aprili 2004 nilikuwa naenda kumwona Roger. Nilipotoka kwenye mtumbwi upande wa Alunguli, nikasikia sol. Sol ya chini kabisa, ya kinanda chetu. Ile siwezi kuikosea, kama nisivyoweza kukosea kikohozi cha mama. Akapita mtu mmoja anayebeba abiria kwa kinga, baiskeli yake, ana kitu mdomoni, anapuliza watu wampishe. Nikamkimbilia. Ulikuwa ulimi wa shaba, namba yake imegongwa pale mwishoni.

Alikuwa askari aliyerudisha bunduki. Nikamwuliza ameutoa wapi. Akasema, "Njia ya Punia, mama. Muntu mmoja mwembamba, maneno mingi kama redio." Nikampa filimbi ya arbitre wa mpira wa shule yetu, akanipa ulimi. Aliona amenishinda.

Ndiyo maana nilikuambia uhesabu. Ukaniandikia kumi na mbili.

Nilikasirika wiki mbili. Kisha nikasema, basi, mdogo wangu yu hai, na bado anasema uongo, kumbe yu mzima. Nikangoja uniambie mwenyewe. Mama naye aliondoka anangoja; hukuja kumzika, ukasema barabara. Nilijua si barabara.

Sijamwambia mtu. Ulimi uko kwenye droo yangu, sijauingiza kwenye tundu. Kanuni inasema mpaka urudi. Haisemi urudi na ngapi. Nimeisoma mara nyingi.

Yaya wako,
Marceline

*

Kisangani, tarehe 1 Novemba 2024

Yaya Marceline,

Salamu. Magoti yanauma. Si baridi, ni miaka.

Barua yako nimekaa nayo siku tisa kwenye mfuko wa shati, mteja mmoja akaniuliza kama ni convocation ya tribunal, naitwa mahakamani. Nikamwambia ni mukubwa kuliko ile.

Nakuambia vile ilikuwa. Vizuizi si kumi na kimoja. Ilikuwa cha kwanza tu. Siku ya tatu, hata Punia sijafika. Walitazama mihogo, wakaona imekauka, wakasema pita. Yaya, walikwisha sema pita! Mmoja akagonga kopo, likalia, akauliza: "Iko nini ndani?" Ningesema vyuma vya kinga, ningekuwa nimeenda zangu. Ningesema hata misumari. Lakini unanijua. Nilikuwa na njaa, natembea na pata-pata moja mguuni, hakuna muntu aliyeniita bwana tangu nitoke nyumbani. Nikajinyoosha, nikasema: "Wakubwa, hicho kitu hakipatikani Kongo nzima. Mikono yangu ikikosa hicho, Kindu nzima inanyamaza."

Basi wakalifungua, kitu cha thamani namna ile nani angekiacha? Mukubwa wao akapuliza moja. Ikalia. Wakacheka kama watoto. Walikuwa kumi na moja. Kila mmoja akachukua yake, mukubwa akachukua mbili. Nikaenda, nyuma yangu nawasikia msituni wanapuliza, do, mi, la, zote pamoja, mbaya-mbaya, mpaka kilima cha pili. Kopo waliniachia. Nililibeba mpaka Kisangani, tupu, ninalo mpaka leo, naweka misumari ya viatu.

Maana mimi ni fundi wa viatu, yaya. Kwanza nilisukuma mizigo kwa kinga, kisha magoti yakakataa. Parokia kubwa hainijui. Jumapili ya kwanza niliingia kanisa dogo la hapa quartier, mtaani kwangu, wakaniuliza: "Unajua kupiga kinanda?" Nikasema sijui. Njo mara moja tu maishani sikujisifu, na ile pia ilikuwa uongo. Sijagusa kinanda tangu tulipokifungua. Nikikaribia, nawasikia wale wa msituni.

Wazee sita kunishika koti, hapana. Mafuta ya mawese, nilikaangia ndizi. Mama... ile hapana utani. Nilifika mpaka stendi ya pikipiki na begi mkononi. Kichwani nikamwona Papa Okito, wakati ule angali hai, ananinyooshea mkono apokee kopo. Nikarudi. Utanionyesha kaburi la mama, nitasema naye mwenyewe.

Lakini sikia, présidente. Mstari wa nyuma wa kwaya ya hapa kuna muntu anaimba besi, miaka ishirini sasa. Njo mimi. Barua yako ya 2003 nilikuwa naisoma usiku, vile Roger anasimama, vile anatazama vidole vyako, na mimi nikaanza kuimba zile sauti pole-pole, kila siku, moja-moja, kwa sababu zilikuwa zangu kubeba. Zote kumi na mbili ziko. Ile do ya chini kabisa inatoka asubuhi tu, mbele ya chai, basi siku ya sikukuu usinipe chai.

Natoka hapa tarehe 11 kwa pikipiki. Njia ikiwa mbaya ya kawaida, nitafika na siku za kufanya mazoezi. Mwambie Roger akae kwenye kiti mbele, atanisahihisha. Ulimi wa sol uingize kwenye tundu lake nikiwa nimesimama pale. Nyingine kumi na moja utagusa kibao, unitazame, nami nitaimba. Mbele ya wimbo wa kwanza nitawaambia watu wote vile ilikuwa. Wapya wamwone huyo Ephraïm.

Ile bahati niliyokuandikia mwaka 2002, kupita wote waliotoka Kindu, sikuwa nayo. Nilikudanganya.

Mudogo wako,
Ephraïm