Silinda Namba Tatu Niliishusha Mimi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Sumbawanga. Jumatatu, tarehe 12 Juni 2023. Yameanza kuandikwa saa 5:40 asubuhi.

Jina: Emerensiana Zenon. Umri: miaka 44. Kazi: fundi wa injini za ndege ndogo. Makazi: Milanzi.

Mimi sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa basi kutoka Laela, kwa sababu Mzee Theodory, mlinzi wa banda la ndege ninalofanyia kazi, yuko mahabusu tangu jana akidaiwa kuiba silinda ya injini. Hajaiba. Silinda ninayo mimi, na ndiyo hii niliyoiweka mezani kwa afande. Nimeigeuza kichwa chini, nimeziba matundu ya plagi, nimeipaka chaki kwa nje na kumimina mafuta ya taa ndani. Naomba isiguswe mpaka nimalize kusema.

Mnamo Ijumaa tarehe 9 Juni, saa 3:00 asubuhi, nilipima injini ya ndege ya Bw. Ignasi, ambaye ni bosi wangu. Injini ina silinda sita. Unasukuma upepo wa kipimo cha 80 ndani ya kila moja, kisha unaangalia geji inashika ngapi. Tano zilishika zaidi ya 70. Namba tatu ilishika 41. Upepo ukitokea kwenye ekzosi, mbovu ni valvu, na hiyo inatengenezeka. Huu ulitokea katikati ya mapezi, yale mabati membamba yanayoipoza silinda. Nilipaka povu la sabuni, likachemka hapo hapo. Kichwa cha silinda kina ufa.

Nilijua umetoka wapi. Rubani akishavuka ukingo wa Ufipa kwenda ziwani hupunguza moto ghafla na kushuka kwa kasi, injini inayounguza ikapigwa na upepo wa baridi. Chungu cha moto ukikimwagia maji kitapasuka tu. Nimelisema hilo mara nyingi, nikaitwa mbishi.

Niliishusha silinda kutoka kwenye injini nikamwonyesha Bw. Ignasi. Alitaka niirudishie, kwa kuwa Jumapili kulikuwa na abiria wanne wa kwenda ziwani na silinda mpya ingechukua wiki sita kufika. Alisema, "Wewe funga tu. Si zimebaki tano?"

Nikamjibu, "Bosi, wakalishe wanao kwenye viti hivyo, nami nitaifunga sasa hivi."

Kisha akasema atatafuta fundi mwanaume, asiye na maneno mengi. Iliniuma. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii.

Jumamosi saa 10:15 jioni niliitia silinda kwenye kiroba cha ulezi nikaondoka nayo, ili huyo mwanaume akija akose cha kufunga. Mzee Theodory alinizuia getini. Hunichosha kila siku kwa daftari lake, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakunifungulia mpaka nilipoandika, "Silinda namba 3, mbovu, imetoka na E. Zenon," nikatia sahihi. Daftari liko pale pale getini. Bw. Ignasi analijua, na alipokuja kulalamika hapa hakulitaja.

Nilikwenda nayo Laela, kumsaidia mama kupura ulezi. Leo saa 12:30 asubuhi Mama Monika, mke wa mzee, alinipigia simu akilia. Nikaacha ulezi uwanjani nikapanda basi.

Afande amenisomea mahali alipoandika "niliiba". Nimekataa. Fundi haibi silinda yenye ufa, anaishusha. Kama kosa ni kuizuia ndege isiruke, nimelitenda, na kesho nitalitenda tena. Nifunguliwe kesi hiyo mimi, mzee aende kwake.

Maelezo yangu ni hayo. Nimeyasoma kwa macho yangu na sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: E. Zenon

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika mimi, Koplo Christopha. Neno "niliiba" nimelikata na kuandika "nilishusha". Tumetia sahihi pembeni wote wawili. Daftari la getini limeagizwa. Maelezo yamekamilika saa 6:50 mchana. Doa lililo chini ya ukurasa huu si uzembe wangu. Ni mafuta ya taa, yamepenya kutoka ndani ya kielelezo, ile silinda, na kulowesha chaki katikati ya mapezi.